Jirani Anayetazama: Uhakiki wa Riwaya ya Mark Haddon

Riwaya ya Mark Haddon, The Curious Incident of the Dog in the Night-Time, ilitoka mwaka 2003 nchini Uingereza. Msimulizi ni Christopher Boone, mvulana wa miaka 15 anayeishi na baba yake mjini Swindon. Usiku mmoja anamkuta mbwa wa jirani amechomwa uma wa bustani, amekufa, naye anaamua kumsaka muuaji. Wengi huisoma kama hadithi ya upelelezi au kitabu cha usonji. Mimi naisoma kama riwaya ya majirani, watu wanaoona kwamba mtoto wa mwenzao yuko tofauti na hawajui waseme nini.

Neno usonji halimo katika masimulizi yenyewe. Jalada la baadhi ya matoleo lilitaja hali hiyo kwa jina la kitabibu, lakini Christopher hajiiti hivyo. Tunachopewa ni matendo: hapendi kuguswa, hali chakula cha rangi ya manjano wala kahawia, na sura za kitabu chake hufuata namba tasa, ndiyo maana ya kwanza ni sura ya 2. Msomaji anabaki dirishani kama jirani, akiona bila kuambiwa.

Mtazame polisi wa mwanzoni. Anauliza maswali mengi, upesi mno. Christopher anajiinamia kwenye nyasi na kuguna. Polisi anamshika mkono ili amwinue, naye anampiga. Anakamatwa. Bi. Alexander, mzee wa mtaani, ni mtu mwingine kabisa. Anamkaribisha ndani, Christopher anapokataa hamlazimishi, anakwenda kumletea kinywaji na keki nje. Haulizi mtoto huyu ana nini. Hata hivyo Haddon hamfanyi malaika, kwa kuwa ni yeye huyo anayemfichulia siri ya marehemu mama yake (ndivyo Christopher alivyoambiwa, kwamba amekufa) na Bwana Shears. Siri hiyo haikuwa yake kuitoa. Kwangu hapa ndipo riwaya inapokomaa: wema na kiherehere vimekaa katika mwanamke mmoja.

Nina shaka na jambo moja. Christopher ni hodari mno wa hisabati. Msomaji atatoka akidhani kila mtoto wa namna hii ana kipaji kilichofichika, na asiye nacho hastahili riwaya.

Kwa sisi tunaosoma Kiswahili hapa Uganda, riwaya hii inagusa kidonda kingine. Wengi wetu lugha hii tuliipata darasani na katika kamusi. Tunakutana na taahira, zezeta na punguani, tunadhani ni istilahi tu. Mwiba wake hatuusikii. Mama wa Tanga au Mombasa akiambiwa na mwalimu kwamba mwanawe ni taahira, ametukanwa. Mtindio wa ubongo nao ni jina la hali inayoathiri misuli na mwendo, lakini utalisikia likibandikwa kwa mtoto yeyote aliyechelewa kusema. Usonji ni neno safi zaidi, ila likitoka kinywani mwa asiye daktari nalo ni hukumu.

Lugha yenyewe haikosi njia. Mwalimu anaweza kusema: “Mama Fulani, nimeona mtoto haitiki akiitwa jina,” au “bado haungi maneno mawili.” Hapo pana kitenzi, na kitenzi kinajibika. Mama atasema, “Nyumbani huitika,” au, “Hata mimi nimeliona.” Neno taahira halina jibu ila ugomvi.

Wapo watakaosema heri kunyamaza, na watataja “hujafa hujaumbika”. Methali hiyo inakataza kumcheka mtu. Sijui ni lini iligeuzwa kuwa amri ya kufumba macho. Mtoto asiyesikia vizuri, akinyamaziwa hadi darasa la tatu kwa ajili ya heshima, amekaa miaka yote hiyo akichapwa kwa ukaidi.

Mfasiri wa riwaya hii kwa Kiswahili atashawishika kuliweka neno usonji katika ukurasa wa kwanza ili msomaji asipotee. Ningemwomba amwache apotee, angalau mpaka polisi anyooshe mkono.