Nimekesha Mlima Qaf

Jamani, sijalala! Nilijiambia nitaionja gemu ya Prince of Persia: The Lost Crown nusu saa tu, kisha nijitupe kitandani kama mtu mwenye kazi asubuhi. Thubutu! Nilipokuja kuinua macho, muadhini alikuwa anaadhini Alfajiri na padi imelowa jasho.

Kwanza ujue kuwa huyo mwana mfalme wa kwenye jina humchezi wewe. Yeye, Ghassan, ametekwa. Wewe ni Sargon, kijana wa kikosi cha Wasiokufa, panga mbili mkononi, unayemfuata hadi Mlima Qaf, mahali ambapo muda umevurugika na hakuna anayejua leo ni lini.

Hadithi ingoje. Kuna kuruka humu, ndugu zangu! Ubisoft Montpellier wameurudisha mfululizo kwenye asili yake: unamwona mtu wako kutoka ubavuni, kama mwaka 1989, Jordan Mechner alipoitoa ile ya kwanza kwenye Apple II. Mechner alimrekodi mdogo wake akikimbia na kuruka, akaichora miondoko ile picha kwa picha. Walioicheza wanazikumbuka zile dakika 60 za kumwokoa binti mfalme, na miiba inayokungoja chini. Lakini yule wa zamani alikuwa mzito, anajipanga kabla ya kuruka kama mtu anayevuka mtaro akiwa na viatu vipya. Sargon ni tumbili! Anateleza chini ya msumeno, anadunda ukutani, anarukia ukuta wa pili, ananing'inia kwenye nguzo, na kidole kimeshaelewa yote kabla akili haijafika.

Kisha Simurgh, yule ndege wa masimulizi ya Kiajemi, anaanza kukugawia nguvu. Mojawapo imenitia wazimu: unaacha kivuli chako hapa, unajirusha kule kwenye hatari, unabonyeza, umerudi palepale kilipo kivuli. Nimeitumia kukwepa mtego, nimeitumia vitani, nimeitumia bure kabisa kwa kujifurahisha.

Vitani nako hakuna mzaha. Adui aking'aa njano, simama umkinge kwa wakati wake, umpe adhabu ya kupendeza macho. Aking'aa nyekundu, kimbia. Jahandar, lile jinyama lenye mwili wa simba, amenibwaga mara tisa. Ya kumi nilipiga kelele hadi jirani akagonga ukuta.

Halafu ramani! Ukikuta mlango usiofunguka, unapiga picha ya mahali ulipo na picha inajibandika kwenye ramani. Basi. Sijui kwa nini gemu za aina hii zilituacha miaka yote tukiandika kwenye karatasi.

Kwa sisi wa pwani kuna utamu mwingine. Kwa mara ya kwanza katika mfululizo huu, wahusika wanaweza kusema Kiajemi. Chagua hicho, achana na Kiingereza. Lugha iliyotuachia bandari, bustani na darubini, leo inagomba na kulia masikioni mwako. Na ile miti ya dhahabu unapohifadhia mchezo inaitwa Wak-Wak, jina la nchi ambayo mwanahistoria al-Masudi aliitaja pamoja na Sofala, mwisho wa ardhi ya Zanji, yaani pwani yetu hii. Nilicheka peke yangu.

Kasoro? Wanaongea mno. Kila nikipata moto, mtu ananisimamisha anieleze jambo nililokwisha kuliona, na nyuso zao zikisogezwa karibu hazina uhai wa miili yao. Nimebonyeza kuruka maneno, nimeendelea.

Imetoka tarehe 18 Januari 2024, ipo kwa PlayStation, Xbox, Switch na kompyuta, na hata kwenye Switch inakimbia picha 60 kwa sekunde. Inunue. Ila uianze Ijumaa usiku, usifanye kama mimi.