Namba Isiyohitaji Mtafsiri

Mwaka 2006, wakati wa mgao mkali wa umeme, kibanda umiza cha mtaani kwetu Ukwamani, hapa Kawe, kilikuwa kinaendeshwa na jenereta lililofungwa mnyororo kwenye mnazi. Kiingilio shilingi 200. Mabenchi yakijaa, unasimama. Zilizokuwa zikijaza watu ni muvi zilizotafsiriwa, hasa za Lufufu, maana Lufufu alikueleza mpaka yale ambayo steringi mwenyewe hajayawaza. Jioni moja mwenye kibanda aliweka sizoni ya Lost, ile tamthilia ya Marekani ya watu walionusurika ndege yao ilipoanguka kisiwani: Kiingereza kitupu, maandishi ya Kichina chini ya picha, hakuna mtafsiri. Watu walinung'unika, lakini hela ilishatoka mfukoni, wakakaa.

Kwa zaidi ya nusu saa tulichokiona ni kijana mnene mwenye nywele timutimu akizungumza na huyu, akizungumza na yule. Jamaa mmoja wa benchi la nyuma, aliyekuwa na Kiingereza cha kuombea maji, alikuwa akitutupia neno moja moja: bahati nasibu, babu kafa, nyumba inaungua. Kipande kikafika mwisho. Kamera ikashuka taratibu gizani kwenye dude moja la chuma lililofukiwa msituni, ikasogea ubavuni, ikasimama kwenye tarakimu zilizochongwa: 4 8 15 16 23 42. Kibanda kikalipuka kwa kelele. Halafu watu wakaanza kuzisoma kwa sauti, kwa Kiswahili, kama darasa la kwanza: nne, nane, kumi na tano.

Ni watu wale wale waliokuwa wakilalamika kwamba hawaelewi kitu. Tarakimu iliwafikia bila kupita kwa mtu wa kati. Sura ya 8 ni ile ile kwa mvuvi wa Kawe na kwa mtunzi wa Los Angeles, na kila mmoja anaitamka kwa lugha yake. Mtunzi wa tamthilia anayelijua hilo ana silaha ambayo mwenzake mwenye maneno matupu hana. Swali la fundi ni hili: namba inapandwaje mpaka iote maana kwa mtu asiyesikia hata mazungumzo?

Kipande kile kinaitwa "Numbers", cha 18 katika sizoni ya kwanza, kiliandikwa na David Fury na Brent Fletcher, kikarushwa na ABC ya Marekani tarehe 2 Machi 2005. Vipande 17 vilikuwa vimetangulia, na namba zilikuwemo humo kimyakimya. Ndege iliyoanguka ilikuwa safari namba 815, yaani nane na kumi na tano. Walionusurika kwenye ufukwe walikuwa 48, yaani nne na nane. Hakuna mtazamaji aliyezitilia maanani, na wala hakutakiwa kuzitilia. Ni kama mama anayeroweka maharage usiku: hapiki, ila anajua kesho yake kazi itakuwa nyepesi.

Ndipo Hugo Reyes, kwa jina la utani Hurley, aliyeigizwa na Jorge Garcia, anapopewa historia. Aliwahi kulazwa hospitali ya wagonjwa wa akili. Humo alikuwemo mgonjwa mwenzake, Leonard, aliyekuwa hasemi lolote zaidi ya kurudiarudia namba zile sita, na Leonard naye alizisikia redioni alipokuwa askari wa majini katika Bahari ya Pasifiki. Hurley akazichezea bahati nasibu, akapata mamilioni ya dola. Tangu hapo hana raha. Babu yake anaanguka na kufa mbele ya kamera za waandishi wa habari. Mama yake anaumia mguu siku anayopelekwa kuonyeshwa nyumba mpya, na nyumba yenyewe inateketea wakiwa wanaitazama.

Hapa ndipo ufundi ulipo. Hurley anasema wazi kwamba namba zina nuksi, lakini si maneno yake yanayotutisha. Tunaonyeshwa bei. Kila zinapotajwa, kuna mtu anayelipa: kwa mguu, kwa nyumba, kwa roho. Baada ya malipo matatu au manne mtazamaji hahitaji tena kuambiwa kitu, maana mwili wake umeshajifunza kushtuka, kama mtoto aliyeungua na kikaango anavyokwepa hata kikaango kilichopoa. Kwa hiyo kamera iliposimama kwenye chuma, kelele za kibandani zilikuwa za watu wanaoogopa deni.

Kuna jambo lingine, na hili nimeligundua miaka mingi baadaye, nikiwa nimekwama kwenye foleni ya Mwenge na kuzitamka namba zile mdomoni bila sababu. Hesabu mizani yake. Kwa Kiingereza, mbili za kwanza zina silabi moja moja, mbili za katikati zina silabi mbili mbili, mbili za mwisho zina tatu tatu. Moja-moja, mbili-mbili, tatu-tatu: wimbi linalokua likija pwani. Sasa zitamke kwa Kiswahili. Nne ina mizani mbili, kwa sababu ile n ya mwanzo inasimama peke yake. Nane mbili. Kumi na tano ni tano, kumi na sita ni tano. Ishirini na tatu ni saba. Arobaini na mbili ni nane. Mbili-mbili, tano-tano, saba-nane. Umbo ni lile lile, jozi tatu zinazopanda, na ni pale mwisho tu linapozidi kwa mizani moja, kama mwimbaji aliyeshindwa kujizuia kwenye kituo.

Sidai kwamba watunzi walikaa wakahesabu silabi, achilia mbali za Kiswahili. Ninachosema ni kwamba sikio la mtunzi huchagua kabla akili yake haijahalalisha. Wangechagua 7, 11, 19, 20, 31, 36, tungepata orodha ya bei sokoni. Zile sita ni kibwagizo, na kibwagizo hakibadilishwi mpangilio. Kwa sizoni zote sita, kuanzia Septemba 2004 hadi Mei 2010, kila zinapotamkwa zote pamoja zinakuja kwa safu ile ile, ndogo kwenda kubwa. Ndiyo maana benchi la Ukwamani lilizishika jioni moja.

Sizoni ya pili ikazipeleka mbali zaidi, na kwa maoni yangu hapo ndipo kilele cha ufundi wote. Chini ya lile dude la chuma kumbe kuna chumba, na ndani ya chumba kuna kompyuta kuukuu. Kila baada ya dakika 108 mtu lazima aandike namba zile na kubonyeza kitufe, la sivyo balaa. Jumlisha nne, nane, kumi na tano, kumi na sita, ishirini na tatu na arobaini na mbili: unapata 108. Kengele inaanza kulia zikibaki dakika 4. Namba iliyokuwa nuksi imegeuka kibarua. Inataka vidole, inataka zamu, inamkatiza mtu usingizi. Desmond aliyekutwa mle ndani ameifanya kazi hiyo miaka mitatu bila kujua kama ni ya kweli au anachezewa akili, na siku aliyochelewa ndiyo siku ndege 815 ilipodondoka.

Sisi wa kibandani tuliielewa kazi hiyo kuliko watunzi walivyotarajia. Mwenye kibanda alikuwa akisimamisha picha ili amwagie jenereta petroli, maana likizima ghafla diski inakwaruzika. Ukimwona anatazama saa yake wakati Desmond naye anatazama ya kwake, hucheki.

Lakini namba inayojazwa maana kwa mateso ya watu ni njia moja tu. Ipo nyingine, ya zamani, na kizazi cha wazazi wetu kilichokua na picha za Kihindi za kumbi za Avalon na Empire kinaijua vizuri: namba inayoazimwa ikiwa imeshajaa. Mwaka 1975 Yash Chopra alitoa Deewaar, hadithi ya Salim-Javed, Amitabh Bachchan akiwa Vijay, kuli wa bandari ya Bombay. Beji yake ya shaba ina namba 786. Mzee Rahim, kuli mwenzake Mwislamu, ndiye anayemweleza kijana huyo wa Kihindu kwamba namba hiyo si ya kuchezea.

Kwa msomaji wa pwani hilo halihitaji maelezo marefu, ila nitaiweka hesabu mezani. Katika abjadi kila herufi ya Kiarabu ina thamani: alifu ni 1, be ni 2, jimu ni 3, dali ni 4. Ukizijumlisha herufi za Bismillahi Rahmani Rahimu, neno la kwanza lina 102, jina la Mungu 66, la tatu 329, la nne 289. Jumla 786. Wapo masheikh wasiopenda namba kukaa mahali pa jina la Mungu, na hoja yao naiheshimu. Hata hivyo abjadi si ngeni Dar es Salaam. Marehemu Sheikh Yahya Hussein alijulikana nchi nzima kwa kusoma nyota, na waliokuwa wakipanga foleni kwa watabiri wa namna yake walijua kwamba jina la mtu linaweza kuhesabiwa.

Kwa hiyo Chopra hakuwa na haja ya vipande 17. Alihitaji mara tatu. Mara ya kwanza mzee anaieleza namba. Mara ya pili risasi inagonga beji iliyo mfukoni, Vijay anapona. Mara ya tatu, mwishoni, akikimbizwa na ndugu yake aliye polisi, beji inamponyoka, naye anapigwa risasi. Basi. Huyu ni mtu aliyegoma kuingia hekaluni tangu utotoni, na kinga yake ilikuwa imani ya dini ambayo hata si ya kwao. Ukumbini hakuna aliyehitaji kuelezwa beji ilipoanguka. Mwaka 2004 Chopra huyo huyo alirudi na Veer-Zaara, akamvika Shah Rukh Khan namba ya mfungwa: 786. Miaka 29 imepita, na namba bado inafanya kazi kwa sababu mitaani haikuacha kufanya kazi.

Ukiziweka mbinu hizi mbili bega kwa bega unaona mtihani wa Lost. 786 ilikuja na mirathi yake. 4 8 15 16 23 42 zilikuja mikono mitupu, kwa hiyo watunzi walilazimika kuzitengenezea ukoo, na watazamaji wakaanza kuusaka ukoo huo kila mahali. Wengine waliona kwamba 42 ni jibu la maswali yote katika riwaya ya Douglas Adams. Wengine wakachimba kwenye besiboli, wakakuta namba zote sita ni jezi zilizostaafishwa na klabu ya Yankees. (Yankees, si Yanga. Niliwahi kueleza hili kijiweni, ikanigharimu nusu saa ya ubishi.) Hata urefu wa kipande kimoja bila matangazo ya biashara ulikuwa kama dakika 42, na hiyo ni desturi tu ya televisheni za Marekani.

Wakuu wa utunzi, Damon Lindelof na Carlton Cuse, wakajikuta wanadaiwa cheti cha kuzaliwa. Sizoni ya sita, Februari 2010, wakakitoa. Ndani ya pango ukutani yameandikwa majina, kila jina na namba yake: Locke 4, Reyes 8, Ford 15, Jarrah 16, Shephard 23, Kwon 42. Kumbe namba ni watu, wanaogombea kurithi ulinzi wa kisiwa.

Nusu ya jibu hilo naipenda. Hurley amekimbia namba maisha yake yote, na moja ya hizo ni yeye mwenyewe. Nusu ya pili inaniudhi mpaka leo. Rejista ya majina haielezi kwa nini babu alikufa au kwa nini nyumba iliungua, na kwa miaka mitano ni hizo bei ndizo zilizotufanya tuziogope namba. Mtu uliyemfundisha kushtuka kwa kumuunguza humpozi kwa kumwonyesha daftari la mahudhurio. Chopra hakuthubutu kutueleza kwa nini beji inazuia risasi. Aliiacha ianguke.

Cha ajabu ni kwamba hata jibu lile dhaifu halikuziua namba. Tarehe 4 Januari 2011, miezi saba na ushee baada ya tamthilia kwisha, bahati nasibu ya Mega Millions ya Marekani ilichezeshwa, na kwenye matokeo mbili za kwanza zilikuwa 4 na 8. Ikafuata 15. Huko kote walikuwepo watu walioziandika zile sita kwa safu yake, kama Hurley alivyofanya, na naweza kuwaona wakizitamka kimoyomoyo: moja-moja, mbili... Kisha ikaja 25, ikafuatiwa na 47, na mpira wa pekee wa mwisho ukawa 42. Waliocheza namba za Hurley walilipwa dola 150 katika majimbo mengi, na nyumba zao hazikuungua.