Maji Kichwani, Dalili Miguuni

Mtoto mwenye kichwa kikubwa hupelekwa hospitali kwa sababu kila mtu anamwona. Bibi yake akijaa maji kichwani hubaki nyumbani, Iramba au Mkalama mkoani Singida, maana mifupa ya fuvu lake ilishaungana zamani na kichwa hakivimbi. Kinachobadilika ni mwendo. Hutembea miguu ikiwa imeachana, nyayo huburuzwa kana kwamba zimenasa sakafuni, na kugeuka mlangoni humgharimu vihatua vingi vifupi. Mkojo humponyoka, kumbukumbu hufifia. Familia husema ni uzee, na hapo ndipo mgonjwa anapopotea.

Ubongo hutengeneza takribani nusu lita ya ugiligili, yaani maji hayo, kwa siku, ilhali uliomo kwa wakati mmoja ni kama mililita 150 tu. Usipofyonzwa ipasavyo, vyumba vya ndani ya ubongo hutanuka. Mwaka 1965 Salomón Hakim wa Colombia, Raymond Adams wa Marekani na wenzao walieleza wagonjwa ambao presha ya ugiligili wao ilionekana ya kawaida, lakini ulipopunguzwa wakapata nafuu.

Kipimo ninachokithamini zaidi kinahitaji korido na saa. Picha ya CT ikishaonyesha vyumba vimetanuka, mgonjwa hutembezwa mita 10 huku hatua na sekunde zikihesabiwa. Kisha hutolewa mililita 30 hadi 50 za ugiligili kwa sindano ya mgongoni, na baada ya saa chache hutembezwa tena palepale. Akienda kwa hatua chache na upesi zaidi, kuna sababu nzuri ya kumwekea mpira wa kupunguza maji hayo. Asipobadilika, asifutwe bado. Kipimo hiki huwakosa baadhi ya wagonjwa.

Mpira huo wenye vali hupita chini ya ngozi, kutoka kichwani hadi tumboni, ambako maji hufyonzwa. Huweza kuziba, kuingiwa na vijidudu, au kutoa maji kupita kiasi hadi damu ivujie juu ya ubongo. Kwa hiyo ufuatiliaji ni sehemu ya tiba.

Ufundi wenyewe si mgeni jirani na Singida. Katika Hospitali ya Haydom, wilayani Mbulu, Dilan Ellegala, bingwa wa upasuaji wa ubongo kutoka Marekani, alianza mwaka 2006 kumfundisha daktari msaidizi Emmanuel Mayegga upasuaji wa kichwa. Mpira wa mtoto na wa mzee hupita njia ileile.

Pengo liko zahanati. Mzee anayejikojolea aambiwe ainuke, atembee hadi ukutani, ageuke. Aliyemleta aulizwe kilichotangulia: miguu au kusahau? Ikiwa ni miguu, aandikiwe rufaa ya picha.