Pale Picha Zinapoganda

Ben anapanda kutoka chumba cha chini ya ardhi na bunduki mkononi. Kati ya watu saba waliowakimbia wafu walio hai na kujificha katika nyumba ile ya shambani, amebaki yeye tu. Nje kumekucha. Msako wa polisi na raia wenye silaha umefika uwanjani, mmoja wao anaona kitu kikisogea dirishani, analenga, anafyatua. Hapo mwongozaji George A. Romero anafanya jambo ambalo hajalifanya tangu Night of the Living Dead ianze: anasimamisha mwendo wa picha. Kuanzia hapo tunatazama picha mnato zenye madoadoa kama za gazetini, nazo zinatuonyesha nyuso za wawindaji, kulabu za nyama mikononi mwao, mwili ukipelekwa kwenye rundo la kuni. Sauti za redio za askari zinakoroma juu ya picha hizo, na majina ya waigizaji yanapita hapo hapo, kana kwamba shughuli ya kawaida imekwisha na watu warudi makwao.

Ben ni mtu mweusi, na waliomuua ni wazungu. Hakuna mhusika hata mmoja anayeitaja rangi yake tangu mwanzo hadi mwisho. Romero mwenyewe alisema nafasi hiyo haikuandikiwa mtu mweusi. Duane Jones aliipata kwa kuwa alikuwa bora kuliko wengine waliojaribiwa. Lakini Mmarekani wa mwaka 1968 alizijua picha za namna ile, za kundi la wazungu waliotulia kando ya maiti ya mweusi, wakiikabili kamera bila haya. Yale ambayo mazungumzo yameyanyamazia, umbo la picha linayatamka.

Wahakiki wa kwanza hawakufika huko. Gazeti la Variety liliishambulia filamu kwa ukatili wake, likatilia shaka uadilifu wa walioitengeneza, walioisambaza na hata wenye kumbi waliokubali kuionyesha. Roger Ebert, katika makala yake ya Januari 1969, aliandika zaidi kuhusu ukumbi kuliko kuhusu filamu: onyesho la mchana lililojaa watoto, kelele za furaha zikakatika, na msichana wa miaka tisa hivi akilia kimya kwenye kiti chake. Makala ile husomwa kama shutuma, nami naiona kuwa ushahidi bora kuliko sifa nyingi zilizokuja baadaye. Watoto walikuwa wamezoea filamu za kutisha zenye kanuni: shujaa hupona, zimwi hufa, taa huwashwa. Ebert aliiona kanuni hiyo ikivunjika usoni mwao.

Inavunjika vipi? Romero na wenzake wa Pittsburgh walikuwa watengenezaji wa matangazo ya televisheni. Walikusanya kama dola 114,000, wakapiga picha nyeusi na nyeupe, wakatumia chokoleti ya maji kuwa damu. Mwanzo wake, makaburini, bado ni wa kizamani: kamera imeinamishwa, radi, muziki wa akiba ulionunuliwa tayari. Kisha redio inaingia, na baada yake televisheni, na filamu inabadilisha lugha. Mwanahabari anayemhoji mkuu wa polisi porini ni Bill Cardille, mtu ambaye watazamaji wa Pittsburgh walimjua kwa sura kutoka televisheni yao. Wahusika wanakaa mbele ya kioo kama tunavyokaa sisi, wakisubiri kuelezwa la kufanya, na taarifa zinagongana: mara bakini ndani, mara kimbilieni vituo vya uokoaji. Tom na Judy, wapenzi wawili kati ya wale saba, wanakufa kwa kufuata ushauri huo wa pili.

Tatizo la usomaji wa kisiasa, ambao umetawala tangu jumba la makumbusho la MoMA, New York, lilipoionyesha filamu hii mwaka 1970, ni kumfanya Ben mhanga safi. Filamu haimpi usafi huo. Ugomvi wake na Harry Cooper, mwingine kati ya wale saba, unahusu mahali: Ben anataka wakae juu, waizibe milango na madirisha kwa mbao, Cooper anataka washuke chini wajifungie. Kila kitu kinatufanya tumpende Ben na kumchukia Cooper, mtu mwoga na mwenye kelele. Lakini mbao zinang'olewa, Ben anampiga Cooper risasi, na mwishowe anaokoka usiku kucha kwa kujifungia chumba kile kile alichokiita mtego. Cooper alikuwa sahihi! Romero hatupi hata nafasi ya kulitafakari jambo hilo, kwa kuwa asubuhi risasi inalifuta.

Udhaifu upo. Barbra, aliyetufikisha kwenye nyumba, anaachwa kochini kama mzigo kwa sehemu kubwa ya hadithi, na baadhi ya mazungumzo ya mapenzi ya Tom na Judy hayatazamiki.

Kuna sifa moja ambayo ningeipunguza. Msambazaji alipobadilisha jina la filamu alisahau kuweka tangazo la hakimiliki, na kwa sheria ya Marekani ya wakati huo ikawa mali ya umma. Kila aliyetaka aliinakili. Kwa miongo kadhaa watu wengi waliitazama katika nakala zilizochakaa, zenye ukungu, na wahakiki wakausifu ukungu huo kuwa mtindo wa habari za vita. Mwaka 2016 MoMA na shirika la Film Foundation walionyesha nakala iliyosafishwa kutoka negativu ya asili. Weusi wake ni mzito, vivuli vimepangwa kwa makini; Karen, binti wa Cooper aliyegeuka mfu hai, anapomuua mama yake kwa mwiko wa bustani, kivuli ukutani kina makali kama wembe. Umaskini wa bajeti haukuzaa picha mbovu. Basi madoadoa ya dakika za mwisho hayakutokana na kukosa fedha. Romero aliyachagua, na katika nakala hii mpya yanagongana waziwazi na usafi wa yote yaliyotangulia.