Vidole Chini ya Dashibodi

Kidhibiti mwendo, kifaa kinachoshika kasi ya gari bila dereva kukanyaga mafuta, hakina kazi kubwa kwenye barabara ya Bafwasende. Lakini kinapogoma, fundi wa Makiso, mjini Kisangani, hakipuuzi, maana mara nyingi kosa liko kwenye breki.

Anamwomba mwenzake asimame nyuma ya gari, kisha anakanyaga pedali. Taa za breki haziwaki? Mshukiwa wa kwanza ni swichi ndogo iliyo juu ya pedali: kompyuta isipopata habari sahihi za breki, hukataa kushika mwendo. Zikiwaka, anahamia kwenye fyuzi, nyaya zilizoingia kutu, kihisi cha gurudumu kilichofunikwa na tope. Honi nayo ikiwa kimya, huenda utepe wa umeme ndani ya usukani umekatika. Hapo hutoa kwanza waya wa betri na kusubiri, kwa sababu mfuko wa hewa uko papo hapo na unaweza kumlipukia usoni.

Ralph Teetor, Mmarekani aliyepata hataza ya kidhibiti mwendo mwaka 1950, alikuwa kipofu. Fundi naye, amelala chali gizani chini ya dashibodi, huona kwa vidole.

Jioni gari linaondoka. Nyuma yake mwendesha toleka, yaani teksi ya baiskeli, akiwa na abiria, anaona taa nyekundu na kupunguza mwendo kwa wakati.