Kinyozi Hajinyoi: Kejeli na Mipaka Yake katika Katuni ya Daria

Makala haya yanakusudia kuichunguza kejeli, kama fani na kama msimamo, katika Daria, katuni ya runinga iliyobuniwa na Glenn Eichler na Susie Lewis na kuonyeshwa na MTV ya Marekani kwa vipindi 65 kati ya mwaka 1997 na 2002. Mhusika mkuu, Daria Morgendorffer, ni msichana wa shule ya upili katika kitongoji cha kubuni cha Lawndale. Huzungumza kwa sauti isiyopanda wala kushuka, na hachelei kumsema mkubwa wala mdogo.

Wanafunzi wangu wa uzamili mjini Nyeri, ambao wengi wao walisomea shule za bweni za Karatina, Othaya na Nanyuki, walimhukumu kwa maneno mawili: hana adabu. Hukumu hii haifai kupuuzwa, kwani bwenini kauli kama zake huadhibiwa kabla hazijafasiriwa. Hata hivyo, kejeli si mgeni kwetu. Gakaara wa Wanjau, aliyekuwa na kiwanda chake cha uchapishaji Karatina, aliwachekesha wasomaji wa Kikuyu kwa visa vya mfululizo vya Wa-Nduuta. Lakini Wa-Nduuta ni mwanamume mtu mzima. Kijana, na hasa msichana, hajapewa kibali hicho.

Tunadai hapa kwamba adabu siyo kipimo kinachofaa. Swali la kihakiki ni iwapo matini yanaihoji sauti yake yenyewe, na Daria inafanya hivyo. Katika kipindi cha "The Misery Chick", nyota wa zamani wa kandanda ya Kimarekani, mtu mwenye majivuno na matusi, anaangukiwa na goli lililoandaliwa kwa heshima yake na kufa. Wanafunzi wanamwendea Daria mmoja mmoja wapate faraja, kwa kuwa wanamdhania kuwa bingwa wa huzuni. Kinaya kiko wazi: jamii iliyomtenga inamgeuza mganga wake. Wakati huohuo Jane, rafiki yake wa dhati, anamkwepa, na ndipo tunapobaini kwamba aliyewachambua wote hana wa kumchambua yeye. Kinyozi hajinyoi.

Ushahidi mzito zaidi umo katika "Write Where It Hurts". Mwalimu O'Neill anamtaka Daria aandike hadithi kuhusu watu anaowajua. Anajaribu mitindo ya kuazima, na kila jaribio linavunjika. Anafaulu tu anapoacha kuorodhesha kasoro za jamaa zake na kuandika jinsi ambavyo angependa wawe. Helen, mamaye, anaisoma hadithi hiyo na kububujikwa na machozi. Hapa kejeli inafichua asili yake: ni tumaini lililoona haya kujitaja.

Hatuna budi kukiri udhaifu wa kazi hii. Mama wa Daria ni wakili, babaye ni mshauri wa biashara, na ulimi wake haumgharimu pakubwa. Hajui kufukuzwa shule na kuamriwa arudi na mzazi. Waandishi wamempa uhuru wa kusema bila kupima sana bei yake, ilhali bei hiyo ndiyo kiini cha kejeli ya mnyonge popote pale.

Pamoja na hayo, kipindi hicho cha pili kinatuhusu sisi walimu moja kwa moja. Mwanafunzi wetu hukaririshwa mianzo ya insha na methali za kupachika, kisha tukalalamika kwamba hana sauti. Anapotokea mmoja anayethubutu kukejeli, tunamkata alama kwa kukosa nidhamu. Pengine ingefaa kwanza tumwulize swali ambalo hadithi ya Daria inalijibu: badala ya haya unayoyacheka, ungependa kuona nini?