Foleni Mbili za Copenhagen

Picha mbili, foleni moja. Katika ya kwanza watu wamebanana hadi unatamani kuwapigia kelele watawanyike. Katika ya pili watu walewale wameachiana nafasi, kila mmoja na hewa yake. Jozi hii ni sehemu ya kazi waliyoifanya Copenhagen, Aprili 2020, Ólafur Steinar Gestsson na Philip Davali wa shirika la picha la Ritzau Scanpix, kuonyesha jinsi lenzi inavyoweza kubadili hadithi. Miezi ile ya korona, picha ya namna ya kwanza ilitosha kuwafanya watu waitwe wazembe wasiojali uhai wa wenzao.

Kazi hiyo ilisambaa, na wengi waliondoka na somo moja: lenzi ndefu ni mwongo, lenzi pana ni mkweli. Picha nazipenda. Somo hilo nalipinga.

Tuanze na namba. Kwenye kamera yenye sensa ya milimita 36 kwa 24, lenzi yenye urefu wa fokasi wa milimita 24 huona pembe ya nyuzi 84 hivi, kutoka kona hadi kona. Ya milimita 50 huona nyuzi 47. Ya 200, nyuzi 12 tu. Namba ikipanda, dirisha huwa jembamba na kilichobaki ndani huonekana kikubwa. Basi. Lenzi haimsogezi mtu hata sentimita moja.

Kinachowabananisha watu ni mahali aliposimama mpiga picha. Chukua watu wawili wenye kimo sawa, mmoja nyuma ya mwenzake kwa mita 2. Ukisimama mita 2 kutoka kwa wa mbele, wa nyuma yuko mita 4, hivyo ataonekana nusu ya mwenzake na jicho litasoma pengo kubwa. Rudi nyuma hadi mita 20. Sasa wa nyuma yuko mita 22. Atapungua kwa asilimia 9 hivi, na jicho litawasoma kama watu waliogusana. Nimelijaribu kwenye korido ya bweni kwa simu tu, bila lenzi ndefu: nilipiga kwa mbali, nikakata kingo, na rafiki zangu wakabanana vilevile. Lenzi ndefu humruhusu mtu asimame mbali na bado ajaze fremu. Kuchagua kusimama huko ni kazi ya miguu yake.

Kwa hiyo lenzi pana nayo haina utakatifu. Anayesogea karibu nayo anaweza kuwatenganisha watu waliosongamana kweli. Ikiwa picha ya kwanza inaalika lawama isiyostahili, picha ya namna ya pili, siku nyingine, inaweza kutoa msamaha usiostahili. Nguvu ya foleni ile imo katika kuwa jozi, maana kila picha inamhoji mwenzake. Zitenganishe, na kila moja inarudi kuwa dai linalohitaji shahidi.

Ndiyo maana kauli ya "lenzi inadanganya" inanisumbua. Inamwondoa mtu kwenye sentensi. Lenzi haikuchagua pa kusimama, haikuandika maelezo chini ya picha, wala haikuamua ipi iende ukurasa wa kwanza. Msimu wa kampeni tunaletewa bahari ya vichwa kutoka mkutano wa hadhara, na tunabishana kama ni picha ya kweli au ya kughushi. Mara nyingi ni ya kweli kabisa. La kuuliza ni mpiga picha alikuwa umbali gani, na nini kiliishia nje ya fremu.

Watu wa foleni ile walijua wameachiana nafasi kiasi gani. Sisi tuliokuwa tayari kuwahukumu hatukuwa na namna ya kujua, mpaka mtu alipotuonyesha picha ya pili.